Maji Hayatazami Mlima: Habari za Kerende na Kisima cha Kambi Yetu



Katika mkutano wetu uliopita palizuka mabishano makubwa juu ya kisima kipya cha kambi ya wachumaji. Wengi walisema kichimbwe pale penye mwembe kama Kamati ilivyopendekeza, kwa kuwa ni mlimani na vyoo vya kambi viko chini yake, na maji, walisema, hayapandi mlima. Hapo mzee wetu mmoja akasimama akauliza, "Nani kati yenu aliyekwenda chini ya ardhi akayaona yanapita wapi?" Watu wakacheka, lakini jibu halikupatikana, na Katibu akaagizwa alitafute na kuliandika katika gazeti letu hili. Basi hii ndiyo kazi tuliyoifanya, na tunawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kuja kupiga kura.

Tulipoanza kuulizauliza, mwanachama mmoja ambaye kijana wake anasomesha bara, katika wilaya ya Tarime, alituambia kuwa huko swali hili haliulizwi kwa kucheka. Kuna kijiji kiitwacho Kerende, upande wa Nyamongo, katika mkoa wa Mara. Wenyeji wake wengi ni Wakurya, watu wa ng'ombe na mashamba. Kandokando yao ndipo ulipo mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, wenye mashimo yaitwayo Nyabirama, Nyabigena na Gokona. Karibu nao unapita mto Tigithe, unaoingia mto Mara, na Mara unaingia Ziwa Viktoria. Sisi watu wa karafuu na wale watu wa ng'ombe hatuna biashara moja, lakini kisima ni kisima, na yaliyochunguzwa kule yametusaidia kuelewa ya kwetu.

Tuanze na yaliyotokea. Mwezi wa Mei mwaka 2009 maji makali yenye tindikali yalivuja kutoka katika hodhi la mgodi na kufika mto Tigithe. Kampuni ilieleza kuwa turubai ya plastiki iliyotandikwa chini ya hodhi iliibwa, na maji yakapata njia. Wanavijiji walilalamika kuwa watu waliumwa na mifugo ilikufa. Mwaka huohuo Jumuiya ya Kikristo Tanzania ilitaka uchunguzi ufanywe, na wataalamu wakaenda kuchukua udongo, tope na maji. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi hulijua kwa jina la NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi 5.6 bilioni kwa sababu ya uvujaji wa bwawa la topesumu, yaani lile bwawa linalowekwa tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa. Mwezi wa Julai ikatoka amri bwawa lile lisitumike. Septemba mwaka uleule kampuni ya Barrick ikachukua mgodi wote kutoka kwa Acacia, amri ikaondolewa, na mitambo ya kusafisha maji ikaongezwa. Sasa Serikali ya Tanzania ina hisa 16 katika kila 100 za mgodi huo.

Hayo ni mambo ya faini na amri, nayo yaliandikwa sana magazetini. Jambo ambalo halikuandikwa sana, nalo ndilo tulilolitaka sisi, ni hili: maji yakishavuja, yakazama, yasionekane tena na mtu, huenda wapi? Je, kisima cha mtu wa Kerende kitaonja lini yale yaliyomwagika bwawani? Mto mtu anauona. Ukibadilika rangi, mwenye ng'ombe atawazuia. Lakini kisima hakimwonyeshi mtu kitu.

Sote tulifundishwa chuoni tangu udogo kuwa maji hutazamwa kwa sifa tatu: rangi, tamu na harufu. Sheria ile ni ya tahara, nayo imekamilika kwa kazi yake. Lakini wengine wetu, bila ya kufundishwa hivyo na mwalimu yeyote, tumeichukua tukaifanya kipimo cha sumu pia. Aseniki, ambayo ndiyo sumu inayowashughulisha wataalamu wa nchi ya dhahabu, haina rangi ndani ya maji, haina tamu, wala haina harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha juu cha aseniki katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Ili jambo hili lifahamike, chukua gramu moja tu, kiasi cha kufunika ukucha, uichanganye katika mapipa 500 ya lita 200 kila moja. Hapo ndipo utafika kiasi hicho. Mtu anayekunywa zaidi ya hapo hafi siku ile. Hunywa miaka, kisha ngozi ya viganja na nyayo huanza kuwa ngumu na kutoka madoa, na baadaye huweza kuja saratani. Nchi ya Bangladesh ilipata msiba huu hasa. Watu walikuwa wakinywa maji ya madimbwi na kupata maradhi ya kuhara, wakachimbiwa visima vya bomba kwa nia njema kabisa, na katika miaka ya 1990 ikafahamika kuwa mamilioni ya watu walikuwa wanakunywa aseniki iliyokuwamo chini ya ardhi tangu zamani, bila ya mgodi wowote.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Wengi wetu hufikiri kuwa chini ya ardhi kuna mto, au ziwa, na mchimbaji mwenye bahati hulifikia. Mahali penye mapango ya chokaa jambo hili lina ukweli wake, lakini sehemu nyingi si hivyo. Maji yamo ndani ya udongo kama yalivyomo ndani ya mchanga wa ndoo uliomiminiwa maji: yamekaa katika nafasi ndogondogo kati ya chembe na chembe. Mvua ikinyesha huzama mpaka ikakuta nafasi zote zimeshajaa. Pale panapoanza kujaa ndipo kwenye uso wa maji ya chini, na uso huo si bapa kama meza. Una mwinuko na mteremko wake, na maji huteremka kutoka penye uso wa juu kwenda penye uso wa chini, polepole, mpaka yatokeze kwenye chemchemi, mto au bahari.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, aliyekuwa akishughulikia maji ya mji wa Dijon, alijaza mchanga ndani ya mabomba, akapitisha maji, akapima. Akaona kuwa maji yanayopita hutegemea mambo mawili: ukubwa wa mteremko wa maji, na aina ya kitu yanachopita. Mpaka leo kila anayechunguza maji ya chini ya ardhi, awe Dar es Salaam au Stockholm, huanzia hapo. Katika udongo wa mfinyanzi maji huweza kusogea kidogo mno hata mwaka mzima ukipita yasifike mbali. Katika mchanga husogea kwa inchi au futi kwa siku. Katika mwamba uliopasuka hukaa yametulia sehemu nyingi, kisha yakipata ufa mzuri hukimbia. Na hiyo ndiyo shida ya Kerende, maana nchi yao ni ya miamba migumu ya kale, na maji ya visima vyao mengi yamo ndani ya nyufa. Visima viwili vya jirani huweza kutofautiana kabisa, kimoja kikiwa juu ya ufa unaotoka upande wa mgodi na cha pili kikiwa juu ya ufa mwingine unaotoka mbali. Jirani akipimiwa maji yake yakaonekana salama, wewe bado hujapata jibu lako.

Lakini maji kusogea ni jambo moja, na uchafu kusogea ni jambo jingine, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Tulikuwa tukidhani uchafu hupanda maji kama abiria anavyopanda basi, wote wakafika pamoja. Sivyo. Wako abiria wanaofika na basi, wako wanaoteremka kila kituo, na wako wasiofika. Chumvi hufika na maji. Vilevile naitreti, ambayo hutoka vyooni, hutoka katika mbolea, na kule migodini hutoka pia katika baruti. Lakini risasi, shaba na aseniki hupenda kushikamana na udongo, hasa udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, na hivyo hubaki nyuma sana. Sayanaidi, inayotumiwa kutolea dhahabu, huvunjikavunjika ikipigwa na jua juu ya bwawa, ila ikizama gizani huchukua muda zaidi. Na vijidudu vya maradhi hunaswa katika mchanga au hufa njiani, wakipewa muda wa kutosha.

Kwa hiyo mtaalamu mwerevu akitaka kujua kama maji ya bwawa la topesumu yameanza kukielekea kijiji, hangoji kuiona aseniki. Hutafuta kwanza wale abiria wepesi. Mwamba wa dhahabu una salfa ndani yake. Ukivunjwa na kuachwa wazi, ukapata hewa na mvua, ile salfa hugeuka tindikali, na tindikali hula jiwe na kuyatoa madini yaliyokuwa yamefungwa humo. Alama ya kazi hiyo ni salfeti, nayo husafiri na maji bila ya kuchelewa. Salfeti ikianza kupanda mwaka hata mwaka katika kisima kilichochimbwa kati ya bwawa na kijiji, basi habari imefika kabla ya sumu, na bado pana wakati wa kufanya jambo.

Kuna fumbo jingine, na hili ndilo linalofanya kesi ya Kerende isiwe nyepesi kama wanavyoipenda watu wa pande zote mbili. Dhahabu ya nchi ile mara nyingi hukaa pamoja na jiwe lenye chuma, salfa na aseniki. Aseniki ilikuwamo mwambani kabla ya mgodi, kabla ya kijiji, kabla ya ng'ombe wa kwanza. Kisima kinaweza kuwa na aseniki kwa sababu ya mgodi, au kwa sababu ya mwamba wenyewe, au kwa sababu zote mbili. Mkabwa Manoko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Åsgeir Almås wa Norway walichapisha mwaka 2012 matokeo ya vipimo vya udongo, tope la mito na maji kandokando ya migodi ya Geita na North Mara, na sehemu nyingine za karibu na mgodi walikuta aseniki iliyopita kiasi cha maji ya kunywa. Tangu hapo wamefuata wengine, miongoni mwao Regina Irunde, Fanuel Ligate na Julian Ijumulu, wakishirikiana na Profesa Prosun Bhattacharya wa chuo cha KTH huko Stockholm. Hawa wameandika juu ya aseniki ya maji na ya mabaki ya migodi katika nchi za dhahabu za Ziwa Viktoria, na wanahimiza kuwa mwamba wenyewe usisahauliwe katika hesabu.

Wajuaje basi lipi ni la mgodi na lipi ni la mwamba? Hupima maji yaliyo juu ya mgodi, ambako maji ya mgodi hayawezi kufika, wakayalinganisha na yaliyo chini yake. Hupima masika na kiangazi. Hutazama aseniki imekuja na nani: ikija pamoja na salfeti nyingi, ni shahidi mmoja, ikija peke yake katika maji yaliyokaa ardhini siku nyingi, ni shahidi mwingine. Na juu ya yote hutaka vipimo vya zamani, vya kabla ya mambo kuharibika. Mwenye kisima ambaye maji yake hayakupimwa mwanzo huwa kama mkulima aliyepeleka gunia sokoni bila ya kulipima nyumbani: akiambiwa limepungua, atabishana na nani?

Na upande wa maji yanakokwenda, mgodi wenyewe huweza kuugeuza. Shimo likichimbwa chini ya uso wa maji, na pampu zikavuta maji ili watu wafanye kazi, basi maji ya pande zote hulielekea shimo. Gokona tangu 2015 imechimbwa kwa njia ya handaki chini ya ardhi. Maana yake ni kwamba ramani ya mteremko wa maji iliyochorwa mwaka mmoja haiwezi kuaminiwa miaka yote, na pampu zikizimwa siku moja maji yatarudi juu na kushika njia nyingine. Ndiyo maana wale wataalamu hawachukui maji tu, bali huteremsha kipimo katika kila kisima wakaandika maji yako kina gani.

Tulipofika hapo katika kusoma kwetu tukakumbuka mwembe. Kumbe swali la mzee lilikuwa na jibu, na jibu halihitaji maabara! Kujua maji ya chini yanaelekea wapi kunahitaji visima vitatu visivyokuwa katika mstari mmoja, kamba yenye uzito, na mpira wa maji ulio wazi pande zote mbili, kama ule mafundi waashi wanaotumia kusawazisha msingi. Kwa mpira unajua mdomo wa kisima kimoja umepanda au umeshuka kiasi gani kuliko wa kingine. Kwa kamba unajua maji yako futi ngapi chini ya mdomo. Ukishayaleta yote kwenye hesabu moja, unajua uso wa maji uko juu wapi na uko chini wapi, na unajua mteremko.

Jumamosi mbili tulifanya kazi hiyo pamoja na vijana watano wa Chama. Tuliuchukua mdomo wa kisima cha msikitini kuwa ndio sifuri yetu. Maji ya kisima hicho, kilicho upande wa magharibi karibu na vyoo vya kambi, yalikuwa futi 40 chini ya sifuri. Ya kisima cha kaskazini, kwenye sakafu ya zamani ya kuanikia, yalikuwa futi 44. Chemchemi ya bondeni upande wa mashariki, ng'ambo ya mwembe, ilikuwa futi 53. Tulirudia mara mbili, maana hatukuamini. Mwembe uko mlimani, kweli, na vyoo viko chini yake, kweli. Lakini chini ya ardhi maji yanatoka upande wa vyoo, yanapita chini ya kilima chenyewe, na kuelekea mashariki, kwa sababu lile bonde lenye chemchemi limekatwa chini sana na linayavuta. Mlima ni wa udongo. Maji yana mlima wao mwingine.

Basi tukichimba penye mwembe, tutachimba njiani. Kutoka vyooni mpaka pale ni hatua zipatazo 80. Wataalamu wa maji ya vijijini husema choo kisiwe karibu na kisima kuliko mita 30, na chini ya shimo la choo kubaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya maji. Kwa hesabu hiyo mwembe una nafasi, na wajumbe wanaoutaka hawakusema uongo. Ila kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya vijidudu, navyo hufa njiani. Naitreti haifi. Tuseme maji yetu yanasogea nusu futi kwa siku, na hili ni kadirio tu, hatua 80 zikiwa kama futi 200. Itachukua siku 400. Uchafu wa msimu huu wa karafuu, wa mamia ya wachumaji na watoto wao, utafika kisimani baada ya mwaka, na kwa kuwa kambi hujaa kila msimu, utakuwa unafika mfululizo. Naitreti nyingi huwadhuru zaidi watoto wachanga wanaolishwa uji au maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo, na wachumaji wetu wengi ni akina mama wenye watoto mgongoni. Wao hawapigi kura katika mkutano wetu.

Tungependa pia wanachama wa upande wa Unguja, wenye mashamba juu ya jiwe la matumbawe, wasizitumie hesabu hizi kwao. Jiwe lile lina matundu na mapango, na maji huweza kupita humo kwa saa mahali ambapo mchanga wetu ungechukua miezi. Huko mita 30 si kinga. Na ukivuta maji kupita kiasi karibu na pwani, bahari yenyewe huingia kisimani.

Kamati sasa ina mapendekezo mawili ya kuweka mbele yenu. La kwanza ni kuuacha mwembe na kuchimba karibu na mpaka wa magharibi, juu ya vyoo kwa mteremko wa maji, ingawa ni mbali na kambi na litahitajika bomba la futi kama 350. La pili ni kuchimba penye mwembe na kuvihamisha vyoo. Gharama za yote mawili zimebandikwa ofisini. Katibu anaona la kwanza ndilo bora, kwa kuwa shimo la choo likifungwa leo yaliyomo ndani yake hayafungwi, yataendelea kushuka na kusafiri kwa miaka. Lakini uamuzi ni wenu.

Lolote mtakalochagua, tumekwisha kuomba Mamlaka ya Maji ipime maji ya kisima cha msikitini na ya chemchemi kabla jembe la kwanza halijapigwa, na karatasi ya majibu itawekwa katika daftari la Chama pamoja na vile vipimo vyetu vya futi. Kijana mmoja ameteuliwa kuteremsha kamba kila mwezi na kuandika. Mkutano utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao baada ya sala ya Alasiri, kwenye sakafu ya kuanikia. Atakayetaka kuuona mpira na kamba kwa macho yake na kupima mwenyewe, aje saa nane.